Daktari wa Akili Upande wa Pili wa Skrini

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, kaka na dada mliofika, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie kliniki binafsi za magonjwa ya akili zinazofanya kazi kwa video: mgonjwa yuko kwake, daktari yuko kwake, katikati kuna intaneti. Nina hakika wengi humu mmekutana na tangazo la kliniki ya namna hiyo kwenye simu, na wapo waliolifungua, wakasoma mistari miwili, wakalifunga haraka mtu asije akachungulia. Mimi leo nimekuja kuzungumza na huyo aliyelifunga.

Nilitibu wodini miaka mingi kabla sijaanza kutibu kwa video, na siku hizi nafanya yote mawili. Nasema hivi mapema ili mjue sikuja kuuza kitu. Kliniki ya video ina mambo inayoyaweza vizuri na ina mambo isiyoyaweza kabisa, na anayeumia ni yule aliyeingia bila kujua lipi ni lipi.

Swali la kwanza ninaloulizwa, tena kwa sauti ya chini, ni hili: "Huyo wa kwenye simu ni daktari kweli?" Ni swali la haki. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni mtu aliyesomea udaktari wa kawaida kwanza, akajua moyo na ini na figo, ndipo akaongeza miaka ya kusomea akili. Huyu anaandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wana elimu yao na kazi yao, na wapo waliowainua watu bila kidonge hata kimoja, lakini kwa kawaida hawaandiki dawa. Kuna kliniki zenye wataalamu wote hao, na kuna kliniki inayojinadi kuwa na "timu ya wataalamu", ukiuliza timu yenyewe ni nani hupewi jina. Wewe uliza jina kamili, namba ya usajili na baraza lililomsajili. Nchi nyingi zina daftari la madaktari ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua mtandaoni. Lifungue mwenyewe. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Kwenye kamera husomi hata jina. Daktari anayenuna kwa kuulizwa namba ya usajili, mwache anune.

Uliza pia kama ana ruhusa ya kumtibu mtu aliye mahali ulipo. Marekani, kwa mfano, leseni hutolewa na kila jimbo, na kinachotazamwa ni jimbo alipoketi mgonjwa wakati wa mazungumzo. Ndiyo maana ukisafiri katikati ya matibabu unatakiwa umwambie daktari kabla ya miadi. Usimfiche ukidhani kwamba skrini ni ileile popote.

Wapo wanaodhani mambo haya yalianza na korona. Mwaka 1959 Taasisi ya Magonjwa ya Akili ya Nebraska, huko Marekani, ilikuwa tayari inatumia televisheni ya njia mbili, watu wa upande huu wakiwaona wa upande ule na wao wakiwaona hawa. Miaka michache baadaye ikaunganishwa na hospitali ya akili ya Norfolk, kama kilomita 180 kutoka hapo. Ukiniuliza kwa nini sisi madaktari wa akili tulianza mapema, nitakujibu kwamba vifaa vyetu vikubwa ni macho na masikio. Daktari wa tumbo anahitaji kulibonyeza tumbo. Mimi nahitaji unieleze usiku wako unavyopita, na nikutazame unapoeleza.

Sasa hapo kwenye kutazama ndipo penye jambo langu la leo, na nitalieleza kwa kisa.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa kwenye dawa ya saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia au kuamini mambo yasiyokuwepo. Kwenye video alikuwa ametulia, uso hauna shida, majibu yananyooka. Mimi huku naandika: mgonjwa ametulia. Mezani mbele yake palikuwa na glasi ya maji. Nilipokuwa namalizia kuandika nikaona yale maji yanacheza, viduara vidogo vinatoka katikati kwenda pembeni, havikomi. Nikamwambia, "Hebu sogeza kiti nyuma, nioneshe miguu." Akasita, akasogea. Miguu yote miwili ilikuwa inapiga sakafu kama mtu anayekanyaga cherehani. Akaniambia hajakaa kitako dakika kumi mfululizo kwa wiki mbili, usiku anazunguka chumba, na alidhani ni wazimu wake unarudi. Haukuwa wazimu. Ilikuwa dawa. Madaktari tunaiita akathisia, hali ya mwili kushindwa kutulia, na ni jambo linalotibika: dozi hupunguzwa, au dawa hubadilishwa, au huongezwa nyingine ya kuituliza. Wodini ningeiona alipokuwa anaingia mlangoni. Kwenye skrini ilibidi glasi ya maji inisemeshe.

Toka siku ile kila mgonjwa wangu wa video husimama, hutembea hatua chache, hunyoosha mikono mbele ya kamera vidole vikiwa wazi nione kama vinatetemeka. Wengine hucheka. Nawaambia wacheke, ila wanyooshe. Harufu ya pombe siipati, mapigo ya moyo siyasikii, uzito wako siuoni kwa sababu kamera inakata kifuani. Kazi ya udaktari iko palepale, lakini sehemu yake imehamia mikononi mwako: wewe ndiye unayepima uzito, wewe ndiye unayevaa mashine ya presha na kunisomea namba, wewe ndiye unayetafuta chumba chenye mlango unaofungwa. Anayeingia kliniki ya video akidhani amerahisishiwa kila kitu, atashangaa.

Tuanze na fomu, maana ndizo zinazokuja kwanza. Ukishaweka miadi utatumiwa linki ya fomu: historia yako, dawa unazotumia, ridhaa ya kutibiwa kwa video, na mara nyingi madodoso mawili mafupi. Moja ni la sonona, linaitwa PHQ-9, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu ni kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. La pili ni la wasiwasi, GAD-7, maswali 7, jumla haizidi 21. Ukifikisha 10 kwenye lolote, daktari hutazama kwa makini zaidi. Namba peke yake haisemi una ugonjwa gani. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita anaweza kupata namba kubwa, na mtu aliyezoea kuficha akapata 3 huku anazama.

Swali la 9 kwenye lile la sonona linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba ni heri ungekufa, au mawazo ya kujidhuru. Wengi huweka sifuri pale kwa woga kwamba wakisema kweli, gari litakuja kugonga mlango. Nawaomba mnisikilize vizuri hapa. Kuna kutamani usiamke, kuna kufikiria njia, na kuna kuwa umeshapanga siku na umeshapata kitu cha kutumia. Daktari atakuuliza upo wapi kati ya hizo, na mengi ya majibu hayo huishia kwenye mpango wa usalama na miadi ya karibu, nyumbani kwako. Siri huvunjwa pale hatari ikiwa ya sasa hivi, na daktari mwaminifu atakueleza mpaka huo dakika za mwanzo kabisa, kabla hujamwambia lolote.

Lakini kuna jambo kuhusu fomu ambalo silisikii likisemwa. Ukijaza lile swali saa saba usiku na kuandika 3, usidhani kuna mtu amelisoma saa saba usiku. Limeingia kwenye kompyuta. Linaweza kufunguliwa asubuhi, linaweza kufunguliwa siku ya miadi. Fomu haiombi msaada kwa niaba yako. Ukiwa katika hali hiyo piga simu ya dharura ya nchi uliyopo, au mwamshe mtu aliye karibu, au nenda hospitali yoyote yenye mapokezi ya usiku.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme la kliniki binafsi zenyewe. Nyingi hazina vitanda, hazina wodi, hazina zamu ya usiku. Ni daktari mmoja au wachache, msaidizi wa miadi, na programu ya video. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: "Saa nane usiku nikizidiwa, nani atapokea simu yangu?" Jibu linaweza kuwa "hakuna," na hilo si jibu baya likisemwa mapema na likifuatiwa na mpango: namba ya kupiga, hospitali ya kwenda, na mtu wa nyumbani mwako ambaye umeruhusu ajulishwe. Jibu baya ni "tutumie ujumbe tu kwenye programu." Ujumbe wa kwenye programu ni wa kuomba kubadilisha miadi au kuuliza kama kidonge huliwa kabla ya chakula.

Ndiyo maana pia kila miadi ya video huanza kwa swali linalowaudhi watu: "Uko wapi sasa hivi?" Kuna mama mmoja aliniambia, "Daktari, wewe ni polisi?" Nikamwambia, "Mama, ukianguka sasa hivi, nami najua jina lako tu, gari la wagonjwa nilitume wapi?" Akanipa anwani hadi rangi ya geti. Taja mahali ulipo hasa, hata kama ni ofisini, na namba ya simu ya pili. Mtandao ukikata, tukubaliane mapema nani anampigia nani. Kwangu mimi napiga, wewe ngoja. Tukipigiana wote kwa pamoja kila mmoja atakuta namba inatumika.

Mahali pa kukaa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwanga uwe mbele ya uso wako, maana ukikaa na dirisha nyuma naona kivuli kinaongea. Simu isimamishwe juu ya kitu, isishikwe mkononi. Ukiwa garini, gari liwe limesimama. Nimewahi kukatisha miadi kwa sababu niliona mkanda na taa za barabarani zinapita, na yule kaka alikuwa ananieleza kwamba halali usiku! Hedifoni ni muhimu kwa sababu zinawafanya waliopo nyumbani wasikie upande mmoja tu.

Kama huna chumba cha peke yako, sema. Daktari hugundua mapema, maana mtu mwenye msikilizaji hujibu "ndiyo", "hapana", "kawaida", na macho yanakwenda pembeni ya skrini. Hapo nabadilisha maswali yawe ya ndiyo na hapana, au namwomba anijibu kwa kuandika. Kwa anayeishi na mtu anayempiga au anayemtisha, tunapanga neno la kawaida kabisa, ambalo akilitamka najua kwamba mtu ameingia chumbani, na nahamia kuongea habari za usingizi na mazoezi kana kwamba ndiyo tuliyokuwa tunaongea. Kwa baadhi ya watu nyumbani ndipo mahali pabaya zaidi pa kuongelea maisha yao, na hao nawaambia wazi kwamba kliniki ya ana kwa ana itawafaa zaidi.

Miadi ya kwanza huchukua dakika 45 hadi 60, mara nyingine 90. Ukiona umepangiwa dakika kumi za kwanza na za mwisho, ondoka. Utaulizwa mengi, na baadhi utaona hayahusiani na kilichokuleta. Umekuja kwa sababu huna raha, daktari anakuuliza kama kuna kipindi ulikuwa na raha kupita kiasi, ukalala kwa muda wa saa tatu tu usiku mzima na kuamka na nguvu, ukatumia fedha hovyo, ukaongea hadi watu wakachoka. Anauliza kwa sababu ya baipola. Mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa hadi juu ya paa, na sonona ya baipola na sonona ya kawaida usoni zinafanana. Atauliza nani katika ukoo aliugua. Atauliza pombe na bangi, kwa kiasi, na hapo usipunguze nusu kwa adabu. Anaweza kukutuma upime damu na homoni za tezi ya shingo, kwa kuwa tezi iliyolegea humfanya mtu awe mzito, mwenye huzuni na usingizi mwingi, na hakuna ushauri nasaha utakaoiamsha.

Leta dawa zako zote. Simaanishi majina, leta vidonge vyenyewe, uvimwage mbele ya kamera. Mzee mmoja alikuwa analalamika kizunguzungu na kutapika. Kwenye fomu alikuwa ameandika dawa mbili. Nikamwomba alete mfuko. Akavipanga mezani, kiboksi kimoja kimoja, akivisogeza karibu na kamera nisome maandishi madogo. Kiboksi cha buluu na cha kijani vilikuwa na majina tofauti kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za sisimizi, jina moja la dawa. Alikuwa anameza dozi mbili za kitu kilekile kwa miezi miwili, moja ameandikiwa na daktari huyu, nyingine na yule. Hapa niwasifu wenzangu wa video: wodini wagonjwa hawaji na kabati lao la dawa. Kwenye video kabati liko hatua tatu kutoka kwenye kiti.

Je, utatoka na cheti cha dawa siku hiyohiyo? Labda. Labda utatoka na karatasi ya maabara na miadi ya wiki ijayo, na watu wengi huona wamedhulumiwa. Dawa za sonona zinazoandikwa zaidi siku hizi huanza kuleta nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, na kuamua kwamba dawa imeshindwa huchukua wiki 6 hadi 8 kwenye dozi inayotosha. Maudhi yake hayangoji hivyo: kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kuvurugika, hamu ya tendo la ndoa kupungua, na mengine huanza siku za kwanza. Kwa hiyo kuna wiki mbili ambazo unalipa gharama na hujapata bidhaa. Daktari asiyekuandaa kwa wiki hizo ndiye anayefanya watu watupe vidonge chooni. Ukitaka kuacha, tuache pamoja, kwa kupunguza; ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na vishtuko kama vya umeme kichwani ukadhani ugonjwa umerudi.

Kuna dawa zinazodai damu. Lithiamu ni mfano mzuri. Daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wenye mania, ile hali ya raha na nguvu kupita kiasi niliyoieleza, na hadi leo ni miongoni mwa dawa bora tulizonazo kwa baipola. Lakini nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni nyembamba. Kwa kawaida tunataka iwe kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita ya damu, na damu huchukuliwa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, figo na tezi zikitazamwa pia. Ukiharisha, ukitokwa jasho jingi bila kunywa maji, au ukinunua zile dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni, kiasi hupanda. Daktari wa video anaweza kuisimamia lithiamu vizuri kabisa, mradi akutume maabara na afungue majibu. Akikuandikia lithiamu bila kutaja damu, huyo hata angekaa mbele yako kwenye kiti cha ngozi ningekwambia simama uondoke. Clozapine, dawa ya saikosisi, nayo inahitaji hesabu ya chembe nyeupe za damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, na dawa nyingi za saikosisi huongeza uzito na sukari, kwa hiyo mizani ya nyumbani inakuwa kifaa cha hospitali.

Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu, na zile za kuamsha umakini, zina sheria zake. Marekani ilitunga sheria mwaka 2008, baada ya kijana mmoja kufa kwa dawa alizonunua mtandaoni, ikitaka daktari amwone mgonjwa ana kwa ana kabla ya kumwandikia dawa za namna hiyo kwa intaneti. Masharti yakalegezwa mwaka 2020 wakati wa korona. Kwingine kuna kanuni nyingine. Usimkasirikie daktari anayekataa. Mimi namwogopa zaidi anayekubali kabla hujamaliza sentensi.

Sasa nani asije kwenye video? Anayesikia sauti zinazomwamrisha, au anayeamini kwamba kamera yenyewe ndiyo inayompeleleza. Aliye kwenye mania kali. Aliyeshapanga kujiua. Aliyekuwa anakunywa pombe kila siku na ameacha jana akaanza kutetemeka, maana huyo anaweza kupata degedege. Aliyekonda kwa kukataa kula hadi anazimia. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla kwa siku moja au mbili: huyo tusiseme kwanza ni akili, anaweza kuwa na maambukizi mwilini, apelekwe hospitali.

Kuhusu fedha sitakaa sana. Ni kliniki binafsi, utalipa, na mara nyingi unalipa kabla. Uliza ada ya kwanza, ada ya marudio, wanakata nini usipotokea, barua kwa mwajiri au shule ni bei gani, bima inarudisha kiasi gani. Jihadhari na malipo ya kila mwezi yanayojikata yenyewe hata mwezi ambao hukuonana na mtu.

Faragha nitaisemea zaidi kidogo. Mwaka 2020 nchini Ufini, wagonjwa wa kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo walianza kupokea barua pepe. Mwizi alikuwa ameiba faili za watu zaidi ya 30,000, maandishi ya yale waliyowaambia wataalamu wao, na kampuni ilipokataa kulipa akawageukia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akidai euro 200 kwa bitikoini la sivyo ataanika siri zao. Mwaka uliofuata kampuni ilifilisika. Kampuni hiyo ilikuwa na vituo vya kawaida, vyenye milango na viti, ambako watu waliketi na mtaalamu ana kwa ana. Kilichoibwa ni faili. Kwa hiyo mkiniuliza kama video ni salama, nami nauliza: faili lako linakaa wapi, nani analifungua, na je, kuna programu inayosikiliza mazungumzo na kuyaandika? Siku hizi zipo, baadhi ya madaktari huzitumia ili wasishughulike na kuandika. Una haki ya kuuliza, na una haki ya kusema hapana. Nawe pia usirekodi kimya kimya. Ukitaka kukumbuka, nitakuandikia.

Miadi ya marudio ni mifupi, dakika 15 hadi 30, kila wiki 2 hadi 4 mwanzoni, kisha inaachana kadiri unavyopata nafuu. Andika mambo matatu kabla hujawasha kamera, maana muda huisha kabla ya lile kubwa. Tena lile kubwa watu hulitoa dakika ya mwisho, mkono ukiwa tayari kwenye kitufe cha kukata.

Nimeona mikono imenyooshwa. Mama pale mbele.

Ameuliza: mwanawe hataki kuwasha kamera, je atatibiwa? Mama, tutaanza na sauti. Nimekuwa na binti aliyeanza kwa sauti miadi mitatu, ya nne akanionesha dari, ya tano akanionesha paka, ya sita akajionesha. Dawa sitamwandikia kabla sijamwona, lakini kuongea tutaongea. Na nakuomba, akiwa anaongea nami, usikae nyuma ya mlango. Vivuli vya miguu huonekana chini.

Mzee anauliza kama mke wake anaweza kukaa naye. Anaweza, tena namkaribisha, kwa sababu mke ndiye anayejua mzee analala saa ngapi. Ila kila miadi nitabaki nawe peke yako dakika tano.

Na kijana kule nyuma. Sema kwa sauti, usione haya. Anauliza: "Nikilia je?"

Nikujibu kwa kosa langu. Mwaka wa kwanza wa kazi hii kulikuwa na dada aliyekuwa ananieleza habari za mtoto aliyempoteza. Akanyamaza, ameinamisha kichwa. Nikaheshimu ule ukimya. Nikangoja, karibu dakika mbili, nikijisifu moyoni kwamba najua kungoja. Kumbe mtandao ulikuwa umekata na picha imeganda. Yeye upande wake alikuwa analia na kuniita, akidhani mimi ndiye niliyeondoka.

Kwa hiyo ukilia, nitakwambia, "Nipo." Kisha nitanyamaza, na kila baada ya muda kidogo utaniona nainua mkono, hivi, ujue picha haijaganda.